Deki Iliyojua Wimbo wa Joto na Wimbo wa Baridi

Ulikuwa mwaka tuliokula usipa, vile vidagaa vya ziwa letu, mpaka paka wakaanza kuchagua. Asubuhi usipa wa kuchemsha, mchana usipa wa nyanya, jioni usipa wa kukaanga, na ugali wake haukuwa wa muhogo kama tulivyozoea, maana mvua ilikuwa imeozesha mihogo yote ardhini. Tulikula ugali wa mahindi ya watu wa milimani. Wamatengo walishuka na mahindi na maharage, wakapanda na magunia ya usipa mkavu. Sisi wa ziwani kula ugali wa mahindi miezi yote ile ilikuwa kama kuvaa gauni la kuazima: linakusitiri, lakini hulali nalo. Ukimwuliza mtu wa rika langu deki yetu ya muziki ilikuja mwaka gani, hatakutajia namba. Atakwambia, mwaka ule wa usipa na ugali wa kuazima.

Namba za miaka hata mimi sizijui vizuri. Niliishia darasa la nne kule Litumbandyosi nilikozaliwa, nikaolewa huku chini ziwani, na kalamu niliyoishika sana maishani ni mpini wa jembe. Haya ninayoyaandika, mjukuu wangu wa kike anayesomea ualimu ananisahihishia herufi. Maneno nimemkataza kuyagusa.

Na ninayaandika kwa sababu wiki iliyopita watu wawili wa kwaya yetu walikuja kukaa kwenye baraza langu, wakanywa uji wangu, kisha wakaniomba nikubali wimbo wetu urekebishwe. Ule uliotoka ndani ya deki. Nikikubali, ninabaki kusimama mbele ya kwaya kama nilivyosimama tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nikikataa, wataanza bila mimi. Jibu niliwapa palepale. Lakini jibu bila habari yake ni kama mfupa bila nyama, kwa hiyo acha niseme tangu mwanzo.

Mzee wangu alipanda Mbinga na magunia matatu ya usipa kutafuta mabati. Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi, inavuja, nami nilikuwa na mtoto mgongoni na mwingine njiani. Akarudi baada ya siku nne, amekaa juu ya mzigo kwenye lori, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa blanketi.

"Mabati yako wapi?" nikamwuliza kabla hajashuka.

"Mabati yapo dukani, mke wangu. Yatakuwepo na kesho. Hii kesho isingekuwepo."

Mtumishi mmoja wa serikali alikuwa anahamishiwa mkoa wa mbali, anagawa na kubadilishana vitu asivyoweza kubeba. Alipenda usipa. Mzee wangu alipenda deki. Wakakutana wajinga wawili.

"Na mvua ikinyesha tutajifunika hiyo?"

"Mvua ikinyesha tutaisikiliza, na hii itatuimbia."

Sikumpikia siku ile. Alikula ugali wa jana kwa usipa wa jana, anacheka peke yake kama mtu aliyeoteshwa ndoto nzuri.

Kesho yake mchana aliifungua. Ilikuwa nyeusi, pana, nzito kama mtoto wa miaka miwili aliyelala. Spika zake mbili zilikuwa za mbao, na ukizisogelea zilinukia kabati la watu wenye uwezo. Akaiweka mezani, akaunganisha nyaya kwenye betri ya gari aliyoazima kwa mwenye mashine ya kusaga. Taa nyekundu ikawaka, ndogo kama punje ya mtama. Akabonyeza, droo ikatoka taratibu, kama mtoto anayemwonyesha daktari ulimi. Na juu ya ule ulimi kulikuwa na sidii. Mwenyewe aliisahau humo. Ilikuwa imechubuka kidogo, na ukiielekeza dirishani rangi zilitembea juu yake kama zile za ubavuni mwa usipa akitoka tu majini. Tuliita watoto waione. Mzee wangu akasema lazima tumrudishie mwenyewe, nami nikasema, mrudishie wapi, mwenyewe sasa hivi yuko barabarani anakula usipa wako.

Akaisukuma ndani. Deki ikakaa kimya kwanza. Hiyo ndiyo tabia yake mpaka leo, huwa inanusa. Inaizungusha sidii polepole, krr, krr, kama mbuzi anayenusa majani asiyoyajua, ndipo iamue kula au kususa. Tukasubiri. Ziwa lilikuwa limelala, hakuna wimbi, jua limesimama juu ya maji bila kusogea, na wanawake waliokuwa wanaanika usipa walikuwa wameinama mchangani kama picha. Halafu watu wakaanza kuimba ndani ya nyumba yangu.

Siwezi kuwaeleza vizuri. Redio tulikuwa tunazijua, zile za kukoroma. Hii haikukoroma. Ungesema wale watu wamekaa kwenye kitanda changu. Ulisikia mtu akivuta pumzi kabla ya kuanza. Ulisikia mate ya mama mmoja yakipita kooni. Wanawake kule ufukweni walinyanyua migongo mmoja mmoja, na usipa ukabaki chunguni kwa mmoja wao mpaka ukaungua. Niliketi kizingitini nimeshika tumbo, na mtoto aliyekuwa ndani akatulia. Nilisahau mabati. Mzee wangu sikumwambia kwamba nimesahau, ningemharibu.

Basi tukaanza kujuana na deki ile. Nguvu zake ni nyingi. Ilianguka mezani mara mbili, ikaamka. Mjusi alitaga ndani yake, tukatoa mayai, ikaimba. Sidii ambazo vijana walizileta baadaye, zimekwaruzwa mpaka kwenye redio zao mpya hazisomeki, yetu ilizisoma, kwa kunusa kwingi lakini ilizisoma. Ubishi wake nao upo. Droo haifunguki mpaka uipige ubavuni kwa kiganja, upande wa kulia, siyo kwa hasira. Ukiipiga kwa hasira inajifungia siku nzima. Inachukia wadudu. Wale mainzi wa ziwa wakija kama moshi kutoka katikati ya maji, lazima uifunike kwa khanga, la sivyo jicho lake la ndani linaziba nayo inaandika maneno yake ya Kiingereza ya kukataa. Sijawahi kuyasoma, lakini nayajua kwa sura.

Na ina ubishi mmoja mkubwa kuliko wote, ambao kwa miaka mingi hatukujua ni ubishi.

Kwenye sidii ile kulikuwa na wimbo wa nne. Kwaya yenyewe hatukuijua, sauti zao zilikuwa za mbali, hakuna aliyewahi kuwasikia huku kwetu. Wimbo ulianza polepole, wanawake peke yao, halafu wanaume wakaingia chini kama mtu anayesukuma mtumbwi. Kiitikio kilisema *Utufikishe, Bwana, utufikishe*. Mara ya kwanza kilikwenda chote. Lakini kilipokuja mara ya pili, sauti zilifika *utufi*, zikakatika. *Utufi.* Tena, *utufi.* Tena, *utufi.* Mara tatu, na kati ya moja na nyingine kimya kidogo, kama mtu anayepiga chafya na kutulia. Halafu wimbo ukaruka moja kwa moja kwenye maneno ya mwisho, taratibu, mpaka ukazimika.

Tulilia. Sisi tulijua ndivyo ulivyotungwa. Nani angetuambia vingine? Kila ulipopigwa, mchana ule wa joto la ufukweni, deki imepata moto kama sufuria, ulikatika palepale mara tatu. Mzee mmoja wa kanisa, aliyewahi kumpikia padri, akasema *utufi* ni Kilatini. Hakuna aliyembishia. Mimi nilidhani ni lugha ya nyumbani kwa wale waimbaji, maana hata sisi kanisani huwa tunachomeka neno la Kinyasa pale Kiswahili kinapokuwa kifupi.

Nilikuwa ndiyo nimeanza kuongoza kwaya ya akina mama. Noti sizijui. Mimi nafundisha kwa sikio, ninaisikia, ninaibeba, ninamwekea kila mtu sehemu yake mdomoni kama kulisha mtoto. Nikawakusanya nyumbani, deki katikati, tukajifunza wimbo wa nne. *Utufi* ya kwanza kwa nguvu, ya pili chini kidogo, ya tatu karibu na kunong'ona. Nilikuwa mkali kwenye vile vimya vya katikati. Aliyeingia mapema nilimtoa nje akaoshe vyombo.

Sasa sikilizeni jinsi wimbo ulivyopata kazi.

Makaburi yetu yako juu, kwenye mwamba nyuma ya kanisa, kwa sababu ziwa likijaa hula ufukwe, na wazee walikataa wafu wao waliwe na maji. Kutoka mchangani mpaka kule ni mwinuko wa kukata pumzi. Wabeba jeneza lazima wapokezane mabega njiani, na kupokezana kwenye kilima ni kazi ya hatari. Nimeona jeneza likiyumba mpaka ndugu wakapiga mayowe. Tulipomzika mama mmoja mkunga, ndiyo mara ya kwanza kuuimba ule wimbo njiani. Tulipofika kwenye *utufi* tukiwa nusu ya kilima, wabebaji walisimama. Hawakuambiwa. Kimya kile kiliwasimamisha. *Utufi* ya pili, wapya wakaingiza mabega chini ya miti ya jeneza. *Utufi* ya tatu, uzito ukahama. Wimbo ukaendelea, jeneza likaendelea, hata ua moja juu yake halikudondoka.

Mvuvi mmoja kati ya wale waliobeba alinifuata baada ya mazishi, bado anahema. "Mama, pale mlipokatisha, ndipo nilipopata bega. Mngeendelea ningelala na marehemu."

Tangu siku ile hakuna mtu wa kijiji chetu aliyepandishwa kilima bila wimbo wa nne. Wanaume wanajua bila kufikiri, ya kwanza simama, ya pili ingia, ya tatu beba. Watoto wanacheza hivyo na gogo la mgomba.

Mzee wangu naye walimpandisha hivyo. Alifia Lituhi, kwa kaka yake, alikokwenda kusaidia kutengeneza mtumbwi. Alilala mchana, hakuamka, kifo cha mtu mwenye bahati. Wakamleta kwa boti. Niliona boti kwa mbali muda mrefu kabla halijafika, nukta tu juu ya maji meupe. Nilitaka libaki nukta. Wanawake walinishika mikono huku na huku. Mjane haimbi, nilitembea nyuma nimefumba mdomo, nikiwasikia wenzangu wakiimba nilivyowafundisha. *Utufi.* Nikaona migongo ikisimama. *Utufi.* Nikaona jirani yetu, ambaye yeye na mzee wangu hawakusalimiana kwa sababu ya wavu uliokatwa, miaka hawasalimiani, akitoka kwenye kundi, akainama, akaingiza bega lake. *Utufi.* Akambeba. Wimbo usingekatika pale, yule bwana angepata wapi nafasi ya kuingia? Angetembea pembeni mpaka juu, na ugomvi wake mkononi.

Nilimchukia yule mwanaume kwa ajili ya wavu. Siku ile nikaacha.

Ilipita kama miaka miwili, kwaya yetu ikaalikwa Mbinga, mkusanyiko wa kwaya za akina mama wa makanisa mengi. Ilikuwa wakati wa kahawa na baridi kali. Tukapanda na lori, na deki nikaibeba mapajani imefungwa blanketi kama kichanga. Wenzangu walinicheka. Mmoja, mnene, mwenye sauti ya pili, asiyejua kunong'ona hata kwenye kitubio, alisema, "Dada, ungeibeba mgongoni basi, tukupishe ukainyonyeshe." Nikamwambia yeye sauti ya kuanzia huwa anaitoa tumboni, mimi siliamini tumbo lake, naamini deki.

Walitulaza kwenye darasa. Asubuhi nilipofungua mlango sikuona Mbinga. Ukungu ulikuwa umekaa mpaka kwenye ngazi. Kwa mbali kidogo zilionekana meza za kuanikia kahawa, zimefunikwa kwa plastiki, zimepangwa kama vitanda vya wagonjwa, na mtu mmoja anatembea kati yake bila miguu. Nimezaliwa kwenye baridi ile lakini ziwa lilishanilainisha. Nikawa natetemeka.

Tulitaka kufanya mazoezi mara moja ya mwisho. Tukaunga deki kwenye umeme. Ikanusa, ikasusa, ikaandika maneno yake. Nikajua ni jicho, limeingia umande, maana usiku kucha lilikuwa kwenye baridi. Nikaiweka karibu na jiko la mkaa la chai, nikakaa nimeikumbatia, kitenge juu yetu sote wawili. Tukapata joto pamoja. Halafu nikaipiga ubavuni kwa kiganja, bila hasira, nikaweka sidii.

Wimbo wa nne ukaanza. Sauti zilikuwa safi mno, kama ukungu umeziosha. Tukawa tunaimba nazo chini chini. Tukafika pale. Tukafungua midomo kwa *utufi* ya kwanza, tukaimba, tukakaa kimya kama ada.

Deki haikukaa kimya. Ilisema, *utufikishe*.

Ikaendelea. Hatukuelewa. Wanawake kumi na nane tumesimama midomo wazi, na kutoka kwenye zile spika za mbao kikaja kitu ambacho hatukuwahi kukisikia, ubeti mzima. Ulikuwa umekaa humo ndani miaka yote ile, chini ya dari moja na sisi, kimya, kama mgeni aliyeketi nyuma ya mlango.

*Njia hatuijui, wewe waijua,*
*waliotangulia wametandika mikeka,*
*wanatazama maji kama tunakuja.*

Nilimwona mzee wangu. Siyo kumkumbuka, nilimwona. Amekaa kwenye mkeka mpya, kiganja juu ya macho, anatazama maji. Alikuwa na lile koti lake la kahawia. Nyuma yake hapakuwa na kitu, weupe tu kama ule wa pale nje. Hakuwa na haraka. Nilitaka kumwambia ageuke, lakini mtu anayetazama maji hageuki ukimwita.

Wimbo ukaisha. Jiko likapasua kaa.

"Mama yangu!" yule mnene akalipuka. "Kumbe miaka yote tumeimba kilema!"

"Na kile Kilatini je?" mwingine akauliza.

Tulicheka mpaka mmoja akaketi sakafuni. Kisha kicheko kikakauka, maana tulikuwa karibu kuitwa. Wakanigeukia wote. Wengine walitaka tujifunze ubeti pale pale, wengine walitaka tubadilishe wimbo. Nikawaambia, "Hamwezi kuvaa nguo ambayo haijashonwa. Tutaimba yetu."

Tukaimba yetu. Tulipofika kwenye *utufi*, upande mmoja wa ukumbi wakaanza kuchekeana. Nadhani wimbo waliujua. Lakini nyuma kabisa walikuwepo wanaume wetu wanne waliotusindikiza, dereva na wazee watatu wa kanisa. *Utufi* ya kwanza wakasimama kutoka kwenye benchi. Ya pili wakainamisha bega la kulia. Ya tatu wakanyooka, wamebeba hewa. Hawakujua kama wamefanya. Dereva alipoona watu wanamtazama akajifanya anatafuta kofia.

Hatukupewa zawadi. Tulipewa maharage, nami nikafurahi, maana maharage ya nyumbani kwetu milimani hayana mfano.

Tuliporudi ziwani, deki ikarudia yake. Joto likipanda, inakata. Lakini sasa nilikuwa nimeijua siri. Kwenye miezi ya baridi, mwera, ule upepo wa kusini, unapovuma usiku na asubuhi mchanga uko baridi kama kisu, ninaamka kabla ya jua, ninaipasha jicho kidogo kwa mkono wangu, ninaweka wimbo wa nne. Siku nyingine inakataa. Siku nyingine inaniimbia wote, na ule ubeti. Ninaketi kizingitini, ziwa lina rangi ya bati, na nikitazama sana sijui kama mimi ndiye ninayetazama maji au ndiye ninayetazamwa. Sijamwita mtu aje kusikiliza. Kuna kitu cha watu wote, na kuna kitu cha mtu. Wimbo wa joto ni wa kijiji. Wimbo wa baridi ni wangu.

Sasa wale watu wawili.

Mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi, kijana, ametoka mkoa mwingine, na tangu alipohamia hapa anatusaidia kwaya. Ni kijana mwema. Anapiga kinanda, anajua noti, na hapandishi sauti. Wa pili ni mwenyekiti wa kwaya, mama ambaye nilimfundisha kuimba akiwa binti. Walikuja saa saba, jua kali.

"Shikamoo, Bibi," akasema mwalimu.

"Marahaba. Kaeni. Uji upo."

Wakanywa. Akatoa simu yake na spika ndogo kama kopo la maziwa. "Bibi, nimeupata ule wimbo wenu. Kwaya iliyouimba mwanzo. Sikiliza."

Akaupiga. Mzima, pamoja na ubeti. Ile spika yake inaimba vizuri, sitasema uongo, ila pumzi za watu huzisikii. Wimbo ukapita pale pa *utufi* bila kugusa, kama gari lisilosimama kituoni. Mwenyekiti alikuwa ananitazama usoni kuona kama nitashtuka. Sikushtuka.

"Bibi, tunataka kurekodi video," mwalimu akasema. "Akina mama wameshashona sare. Wimbo wa kwanza uwe huu, na wewe usimame mbele. Ila tuuimbe sawasawa. Pale mlipokuwa mnakatisha, ni sidii yenu tu ilikuwa inakwama."

"Najua."

"Unajua?"

"Kabla wewe hujaja huku."

Niliinuka, nikaingia ndani, nikaipiga deki ubavuni, nikaacha madirisha wazi. Ilikuwa joto, ikafanya kama kawaida yake. *Utufi.* Nje, barabarani, alikuwa anapita mwanaume na gunia la usipa. Akasimama. *Utufi.* Akalihamisha gunia kutoka bega moja kwenda jingine. *Utufi.* Akaenda zake. Hata hakutazama nyumba.

"Umemwona yule?" nikamwuliza mwalimu.

"Nimemwona, Bibi." Kijana ana akili. "Basi tufanye hivi. Makaburini muimbe kama mlivyozoea. Kwenye video tu ndiyo tuimbe sahihi. Kila mahali na wimbo wake."

Hapo ndipo ilipokuwa ngumu. Lilikuwa neno la busara, na mwenyekiti alishaanza kutikisa kichwa kukubali. Nami sare naipenda. Nilishakigusa kile kitambaa, cha rangi ya zambarau. Mtu mzima hasemi, lakini nilitaka kuonekana, wajukuu zangu waliotawanyika huko mijini wanione bibi yao amesimama mbele ya watu.

Nikamwambia, "Mwalimu, sisi wimbo tulijifunza kwa nani?"

"Kwa deki."

"Mwanadamu alitufundisha?"

"Hapana, Bibi."

"Basi. Mimi nitakufa, na huyu mwenyekiti atakufa, deki nayo siku moja jicho lake litazima. Video itabaki. Watoto hawa hawatajifunza kwa mwanadamu, watajifunza kwa video yako, kama sisi tulivyojifunza kwa deki. Watapanda kilima na jeneza, wimbo hausimami. Nani atapata nafasi ya kuingiza bega?"

"Watasimama wenyewe wakichoka."

"Hujabeba jeneza kwenye kilima chetu, mwanangu. Mtu akishachoka, ameshaangusha."

Mwenyekiti akaweka kikombe chini. "Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ile ya binti niliyemtoa nje kuosha vyombo. "Wenzako wameshakubali. Usipokubali, tutasimamisha mtu mwingine mbele. Sitaki kufanya hivyo. Tafadhali."

Nikatazama mikono yangu. Ina mishipa kama mizizi ya muhogo. Nikawaza ile zambarau juu yake. Halafu nikasema.

"Siurekebishi. Watu wamezikwa nao."

Mwalimu akainama, akaanza kukunja waya wa spika yake, polepole, akanipa muda wa kujirudi. Ndani ya nyumba deki ilikuwa imemaliza wimbo, inazunguka tupu. Mwenyekiti akasogeza kigoda karibu, akanishika goti.

"Mama, kwa video tu. Mara moja tu. Unasemaje?"

"Siurekebishi. Watu wamezikwa nao."